Uvimbe wa shavu la uke uliofika hadi ubavuni mwa kibofu: uchambuzi wa kisa cha anjiomiksoma vamizi

Mwanamke wa miaka 38, mama wa watoto wawili na anayetamani wa tatu, anafika kliniki ya magonjwa ya wanawake akiwa na uvimbe kwenye shavu la kulia la uke. Hauumi. Umekua polepole kwa karibu miaka miwili, na sasa unamsumbua akikaa kwenye kiti kigumu au akitembea kwa muda mrefu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipasuliwa kwenye kituo kingine baada ya kuambiwa ana uvimbe maji wa tezi ya Bartholini. Anakumbuka alivyoambiwa baadaye kwamba usaha haukutoka wala maji hayakutoka, ila nyama laini yenye utelezi. Kidonda kilishonwa na kikapona vizuri. Kipande kilichotolewa hakikupelekwa maabara. Miezi michache baadaye uvimbe ukaota tena palepale, na safari hii ukazidi ule wa kwanza.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekiunda kutokana na namna ugonjwa huu unavyojitokeza tena na tena katika ripoti za kitabibu, kwa hiyo si historia ya mgonjwa fulani. Maelezo ya ugonjwa wenyewe, vipimo na tiba ni ya kweli, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Nina jambo moja la kusema kupitia mwanamke huyu: uvimbe laini wa sehemu za siri za mwanamke usiguswe kwa kisu kabla haijajulikana unaishia wapi kwa juu, na ukishajulikana, usikatwe kwa hofu.

Vidole kabla ya mashine

Uchunguzi wa mwili ulitosha kuitilia shaka ile habari ya Bartholini. Tezi hizo ziko upande wa nyuma wa mlango wa uke, mahali ambapo namba 4 na 8 zingekuwa kama mlango huo ungekuwa uso wa saa. Uvimbe wa tezi hukaa hapo, huwa wa mviringo, na mpaka wake unashikika. Uvimbe wa mama huyu ulianzia katikati ya shavu, ukateremka hadi kwenye msamba na kuelekea tako la kulia. Ngozi juu yake ilikuwa ya kawaida, haikuwa nyekundu wala ya moto, isipokuwa kovu dogo la upasuaji wa awali. Ukiubonyeza unabonyea, kisha unarudi taratibu.

Alipoambiwa akohoe, haukusukumwa nje kama ngiri inavyosukumwa, na ulipobanwa kwa kiganja haukuingia ndani. Lililobadilisha mwelekeo wote lilikuwa tendo la kawaida sana. Daktari aliingiza vidole viwili ukeni na kuuweka mkono wa pili juu ya uvimbe. Ukuta wa kulia wa uke ulikuwa umesukumwa kuelekea kushoto kwa urefu wake wote. Uvimbe wa nje uliposukumwa, ule wa ndani ulitikisika pamoja nao: ni kitu kimoja. Vidole vilipanda hadi karibu na mlango wa kizazi bila kuufikia ukingo wa juu. Kidole kilichopitishwa njia ya haja kubwa kilikuta ujazo uleule laini upande wa kulia, huku utando wa ndani ukiteleza vizuri juu yake, ishara kwamba haukuwa umetoboa ukuta.

Uchunguzi huo huchukua dakika chache na hauhitaji umeme. Ninausisitiza kwa sababu katika ripoti nyingi za ugonjwa huu makosa huanzia hapa, pale uvimbe unapoonekana kwa macho, kupewa jina na kupangiwa upasuaji mdogo wa ganzi, bila mtu kuuliza kama unaoonekana ndio wote. Wagonjwa wengi hupasuliwa kwanza kwa jina lisilo lake: uvimbe maji wa Bartholini, uvimbe wa mafuta, jipu, ngiri ya msamba, uvimbe maji wa mfereji wa Gartner. Jina sahihi huja baadaye, kutoka maabara, kama kuna kilichopelekwa huko.

Picha

Kipimo cha kwanza kilikuwa ultrasaundi, na si vibaya kuanza nacho kwani kinapatikana kwa urahisi. Lakini kina mtego wake. Uvimbe huu una maji mengi ndani ya tishu zake, hivyo kwenye ultrasaundi huonekana mweusi-mweusi na msomaji mwenye haraka ataandika kwamba ni uvimbe maji. Mtaalamu aliyempima alifanya mambo mawili ya ziada. Aliukandamiza kwa kichwa cha kipimo akaona vilivyomo ndani havielei wala kuhama kama majimaji yanavyofanya. Kisha akawasha dopla ya rangi, na mishipa ya damu ikaonekana ikipita katikati ya uvimbe. Uvimbe maji wa kawaida hauna mishipa ya damu katikati yake. Ripoti yake ilieleza kwamba ni tishu yenye mishipa, kwamba mwisho wake wa juu hauonekani, na kwamba mgonjwa apigwe MRI (picha za sumaku) ya nyonga.

MRI ndiyo iliyofichua ukubwa wa jambo. Uvimbe ulikuwa na urefu wa sentimita 15. Ulianzia kwenye shavu la uke, ukapanda kupitia nafasi yenye mafuta iliyo kando ya njia ya haja kubwa, ukapita kwenye misuli ya levata inayotengeneza sakafu ya nyonga, na ukaishia ubavuni mwa kibofu. Kilichoonekana kwa nje kilikuwa chini ya theluthi moja ya wote. Kibofu kilikuwa kimebonyezwa, uke na kizazi vimesogezwa kushoto, na puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imesukumwa nyuma. Hakuna hata kiungo kimoja kati ya hivyo ambacho ukuta wake ulikuwa umevamiwa. Figo hazikuwa zimevimba, maana yake mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo ilikuwa haijabanwa.

Namna ulivyotanda ni sehemu ya utambuzi. Uvimbe huu hufuata nafasi zilizo wazi kati ya viungo kama mzizi unaofuata unyevu, ukivizunguka na kuvisukuma kuliko kuvitoboa. MRI hutoa picha za aina mbili kuu, T1 na T2. Kwenye picha za T1 rangi yake hukaribiana na ya misuli. Kwenye picha za T2 hung'aa kwa sababu ya maji yaliyomo, na ndani ya mng'ao huo huonekana mistari myeusi iliyojizungusha kwa tabaka, ambayo ni nyuzi na mishipa inayopita ndani ya ute. Ukidunga dawa ya gadolini unawaka kwa nguvu. Mwanamke wa umri wa kuzaa, uvimbe unaovuka sakafu ya nyonga, na tabaka hizo zilizojizungusha kwenye T2: daktari wa picha aliyezoea nyonga akiviona vitatu hivyo pamoja ataweka anjiomiksoma vamizi juu kabisa ya orodha yake, hata kabla ya sindano.

Ugonjwa wenyewe

Anjiomiksoma vamizi, ambayo vitabu vya sasa huiita pia anjiomiksoma ya kina, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na Steeper na Rosai nchini Marekani, wakiripoti wanawake 9 wenye uvimbe wa nyonga na msamba. Tangu hapo ulimwengu mzima umeripoti wagonjwa wa kuhesabika kwa mamia tu. Wengi ni wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, hasa miaka ya thelathini. Wanaume hupata pia, kwenye korodani, kinena au msamba, lakini wanawake huwazidi zaidi ya mara sita.

Uvimbe huu si saratani kwa tabia yake ya kawaida. Seli zake hugawanyika kwa nadra mno, na kusambaa kwenda viungo vya mbali kama mapafu kumeripotiwa kwa wagonjwa wachache sana duniani. Tatizo lake ni mahali ulipo na ukaidi wake. Hauna gamba linaloutenga na tishu za jirani, hutuma vidole vyembamba ndani ya mafuta na misuli, na baada ya kutolewa hurudi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Marudio mengi hutokea ndani ya miaka mitano ya kwanza, ingawa kuna yaliyotokea baada ya zaidi ya miaka kumi.

Mama huyu aliuliza swali ambalo kila mgonjwa huuliza: je, ni saratani? Jibu alilopewa naliona sahihi. Aliambiwa kwamba kwa jinsi picha zilivyo, huenda ni uvimbe usio saratani ambao hauui lakini unaweza kurudi, na kwamba maabara itathibitisha. Hakuambiwa "usiwe na wasiwasi", na hakuambiwa habari za kuondolewa viungo kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

Sindano, hadubini na mashaka

Kabla ya biopsi, yaani kuchukua kipande cha tishu kwa uchunguzi, timu iliorodhesha magonjwa yanayofanana nao. Anjiomiofibroblastoma huota sehemu zilezile, lakini kwa kawaida ni ndogo, chini ya sentimita 5, ya juujuu na yenye mpaka safi. Anjiofibroma ya seli nyingi nayo huwa na mpaka, na seli zake zimesongamana zaidi. Liposakoma ya ute ni saratani ya kweli. Kwenye sehemu za siri za mwanamke ni adimu sana, ila kuikosa ni hatari. Kulikuwa pia na uwezekano wa uvimbe wa neva na wa misuli laini iliyogeuka ute.

Biopsi ilichukuliwa kwa sindano nene kupitia msamba, ikiongozwa na ultrasaundi, kwa sababu sindano nyembamba inayofyonza seli haitoi kitu cha kutosha kwenye tishu yenye seli chache kiasi hiki. Jibu la kwanza lilikatisha tamaa: "tishu laini yenye ute, seli chache, hakuna dalili ya saratani." Jibu la namna hii lina ukweli, ila halitoshi. Kipande kile kingeweza kutoka hata kwenye tishu iliyojaa maji tu. Mtaalamu wa patholojia alikuwa amepokea fomu iliyoandikwa "uvimbe, uke" na si zaidi.

Ndipo timu ikafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa desturi. Walimpelekea picha za MRI, wakamweleza ukubwa, njia uliyopita na historia ya upasuaji wa awali, wakaomba vipimo vya rangi maalumu. Akirudi kwenye vipande vilevile akijua anatafuta nini, aliona seli nyembamba zilizochongoka ncha mbili na nyingine zenye umbo la nyota, zimetawanyika ndani ya ute uliolegea. Mishipa ya damu ilikuwa ya ukubwa tofauti, mingine ikiwa na kuta nene, na pembeni mwake kulikuwa na vifungu vidogo vya seli za misuli laini. Hakukuwa na seli zinazogawanyika wala tishu iliyokufa.

Desmini, protini ya seli za misuli, ilikuwa chanya, vipokezi vya estrojeni na projesteroni vilikuwa chanya, na S100, protini ya seli za neva, ilikuwa hasi, jambo lililosogeza mbali uvimbe wa neva. Hapa pana tahadhari ambayo ripoti nyingi huipita haraka. Vipokezi vya homoni pekee havithibitishi ugonjwa huu. Tishu ya kawaida ya eneo lile huwa navyo, na anjiomiofibroblastoma huwa navyo pia, pamoja na desmini. Vinasaidia zaidi kupanga tiba kuliko kutoa jina. Kilichoongeza uzito ni HMGA2. Jeni hii iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 12. Protini yake huonekana kwa wingi wakati kiumbe kinapojengwa tumboni, kisha hunyamaza kwa sehemu kubwa kwenye tishu za mtu mzima. Kwa baadhi ya wagonjwa wa anjiomiksoma vamizi eneo hilo la kromosomu limekatika na kujipanga upya, na protini ya HMGA2 huonekana tena ndani ya seli. Kwa mama huyu ilionekana. Picha, umbo la tishu na rangi vilikubaliana, na jina likaandikwa.

Ningependa wenzangu wanaojaza fomu za maabara walitafakari hili kwa uzito. Mtaalamu yule alikuwa na kipande kilekile siku zote mbili. Kilichobadilika ni maneno aliyopewa.

Kukata kiasi gani

Kwa miaka mingi baada ya 1983 mafundisho yalikuwa ya kukata kwa upana: toa uvimbe pamoja na pindo la tishu nzima kila upande, hata kama pindo hilo ni sehemu ya kibofu, puru au uke. Hoja ilieleweka, kwamba uvimbe unarudi kwa sababu umebakizwa. Lakini wagonjwa walipokusanywa na kulinganishwa, picha ikawa tofauti. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000, uliojumlisha wanawake zaidi ya 100, ulikuta kwamba tofauti ya kujirudia kati ya waliotolewa uvimbe wote na waliobakiziwa kidogo ilikuwa ndogo, isiyotosha kuhalalisha upasuaji wa kuharibu viungo. Uvimbe ambao hauui hautibiwi kwa kumwachia mwanamke wa miaka 38 mfuko wa kinyesi tumboni na kibofu kisichofanya kazi. Kwa maoni yangu hili lisiwe jambo la kubishaniwa tena, isipokuwa pale kiungo chenyewe kimezibwa au kuharibiwa.

Kulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ni kumpa dawa za kushusha homoni kwa miezi kadhaa ili uvimbe upungue, kisha kukata. Ya pili ni kuziba mishipa inayoulisha kabla ya kukata, ili damu isipotee nyingi. Kwa ugonjwa huu mara nyingi haileti faida inayotarajiwa kwa kuwa uvimbe hulishwa na mishipa mingi midogo kutoka pande tofauti. Ya tatu ni kukata moja kwa moja.

Walichagua ya tatu. Uvimbe ulikuwa unamsumbua, MRI ilionyesha viungo vimesukumwa bila kuvamiwa, na daktari bingwa wa upasuaji wa saratani za wanawake aliona anaweza kuufikia wote kwa kupitia msamba, tumbo likiwa limeandaliwa tu endapo sehemu ya juu ingekataa kushuka. Kungekuwa na uvimbe uliozunguka puru pande zote, ningeegemea dawa kwanza. Mgonjwa aliambiwa mapema, na akaandika ridhaa yake akilijua hilo, kwamba kama kipande kitagoma kuachana na puru au mrija wa mkojo, kitaachwa.

Siku ya upasuaji alilazwa chali, miguu ikiwa imeinuliwa na kutanuliwa, na mpira wa mkojo ukaingizwa ili mrija wa mkojo ushikike wakati wote. Mkato ulifuata mkunjo wa nje wa shavu la uke, ukihusisha kovu la zamani. Chini ya mafuta uvimbe ulijitokeza, wa kijivu chenye wekundu hafifu, unaong'aa, laini kiasi kwamba ukivutwa kwa koleo unachanika. Kwa hiyo haukuvutwa kwa koleo. Daktari aliufuata kwa vidole, akiutenga na tishu za pembeni taratibu, huku msaidizi akiweka kidole puruni ili kila wakati ijulikane ukuta uko umbali gani. Mahali vidole vya uvimbe vilipoingia kwenye misuli ya levata, alitoa ukanda mwembamba wa misuli hiyo. Sehemu ya juu, ile ya ubavuni mwa kibofu, iliteremka bila kuhitaji kufungua tumbo.

Upande wa kulia wa puru, kipande cha takriban sentimita 1 kilikuwa kimeshika ukuta. Kukikata kulimaanisha kuifungua puru. Akakiacha, akaweka alama ndogo ya metali inayovumilika kwenye MRI, na kuandika kwenye kumbukumbu za upasuaji mahali hasa kilipobaki. Kisha sakafu ya nyonga ikashonwa, bomba la kutolea majimaji likawekwa, na ngozi ikafungwa. Maabara ilithibitisha ugonjwa uleule, na kingo zake zikiwa zimefikiwa na uvimbe katika sehemu mbili. Mgonjwa alikojoa mwenyewe mpira ulipotolewa, na choo hakikumpa shida.

Miezi 18 baadaye

MRI ya kwanza baada ya upasuaji ilifanyika mwezi wa sita, na iliweka msingi wa kulinganishia: palepale penye alama, tishu ndogo inayong'aa. Mwezi wa 18 tishu hiyo ilikuwa imefika sentimita 3. Hakuhisi kitu. Lakini alikuwa na swali lililokuwa likimkaa moyoni tangu mwanzo, la mtoto wa tatu.

Hapa ndipo homoni zinapoingia. Kwa kuwa uvimbe una vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na kwa kuwa ripoti zipo za wanawake ambao ulikua kwa kasi wakati wa ujauzito, mimba haikuwa jambo la kuachwa lijipange lenyewe. Timu ilipendekeza kupunguza kilichobaki kwanza kwa dawa za kundi la agonisti wa GnRH, kama leuprolaidi, goserelini au triptorelini. Dawa hizi huisukuma tezi ya pituitari mwanzoni, kisha kuichosha mpaka inaacha kuziamrisha ovari, na estrojeni inashuka hadi kiwango cha mwanamke aliyekoma hedhi. Wiki za kwanza homoni hupanda kabla ya kushuka. Mgonjwa asipoambiwa hili na akahisi uvimbe umejaa kidogo, atadhani dawa inamdhuru.

Gharama ya dawa kwa mwili ni ya kweli. Joto la ghafla, ukavu ukeni, usingizi wa kukatika, na mifupa kupoteza madini kama zitaendelea muda mrefu. Kwa magonjwa mengine ya wanawake daktari angeongeza homoni kidogo ili kupunguza adha hizo. Kwa uvimbe unaolishwa na homoni hizohizo, kufanya hivyo kunapingana na lengo, kwa hiyo muda wa tiba hupunguzwa na mifupa hupimwa. Alipewa sindano kila mwezi kwa miezi sita, pamoja na kalsiamu na vitamini D, na akapimwa uzito wa mifupa kabla ya kuanza.

Kuna waliouliza kwa nini asipewe tu vidonge vya kuzuia aromatesi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, kama letrozoli au anastrozoli, ambavyo ni rahisi kumeza. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni chaguo zuri. Kwa ambaye ovari zake zinafanya kazi, vikitumika peke yake vinaifanya pituitari iziamshe ovari zaidi. Ndiyo sababu letrozoli hutumika kuwasaidia wanawake wasiopevusha mayai. Kwake vingehitaji kuandamana na dawa ya kuzituliza ovari. Tamoksifeni imejaribiwa pia kwa ugonjwa huu, lakini matokeo yake hayatabiriki vya kutosha kuifanya chaguo la kwanza. Tiba ya kemikali ya saratani haina mahali hapa, maana hulenga seli zinazogawanyika kwa kasi na hizi hazigawanyiki hivyo. Mionzi imewahi kuwasaidia baadhi ya waliorudiwa mara nyingi, ila kwa anayetaka kuzaa si pa kuanzia.

Baada ya miezi sita kipande kilipungua hadi chini ya sentimita 1 na nusu. Hakikutoweka, na hakuna aliyemwahidi kwamba kitatoweka. Dawa ikisimamishwa na hedhi ikirudi, uvimbe unaweza kuanza kukua tena. Hili limeonekana kwa wengi waliotibiwa hivi, naye alielezwa waziwazi. Faida ya tiba ilikuwa kumpa nafasi ya kuanza ujauzito akiwa na kipande kidogo kisichogusa njia ya mtoto.

Mpango uliobaki kwenye faili lake ni huu. Hedhi zikisharudi, MRI moja kabla ya kuanza kutafuta mimba. Kama kipande kimebaki chini ya sentimita 2, aendelee. Hadi hapo atumie kitanzi cha shaba, si vidonge vyenye estrojeni. Akishika mimba, achunguzwe kwa vidole na ultrasaundi ya msamba kila baada ya wiki chache, na ikilazimu MRI bila gadolini. Agonisti wa GnRH hawatumiki katika ujauzito, hivyo kipindi hicho ni cha kutazama tu. Njia ya kujifungua iamuliwe wiki za mwisho: kwa kawaida kama njia iko wazi, kwa upasuaji kama imezibwa. Baada ya kujifungua MRI irudie kila miezi sita kwa miaka miwili, kisha kila mwaka, bila kukoma kwenye mwaka wa tano kama tunavyozoea kwa magonjwa mengine. Nakala ya picha zake, majibu ya patholojia na maelezo ya upasuaji yenye mahali kilipobaki kipande anatembea nazo mwenyewe, kwa sababu daktari atakayeuona uvimbe wake baada ya miaka kumi huenda asiwe yeyote kati ya hawa waliomtibu.